Naomba ushauri: nataka kutafiti ini, nianzie wapi?

Wakubwa zangu, hamjambo. Nafanya kazi maabara hapa Bukavu, mwaka wa tano sasa. Kipimo cha homa ya ini B kinatoa mistari miwili, yaani kirusi kimo, mgonjwa anarudi mtaani Kadutu na kikaratasi mkononi, basi. Baba yangu mdogo tulimzika hivyo: macho manjano, tumbo limejaa maji.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba kirusi chenyewe kwa kawaida hakiui seli za ini. Ni kinga yetu inayozishambulia ikikisaka, na uvimbe ukidumu miaka, ini linajaa makovu. Mbona watu wazima wengi wanakishinda, lakini mtoto mchanga akiambukizwa kinabaki naye? Hapo ndipo nataka kuweka maisha yangu.

Profesa Muyembe, mtafiti wetu wa Ebola, alisomea Leuven, Ubelgiji, akarudi kujenga utafiti Kinshasa. Mimi nina watoto wawili, na Kiingereza changu bado kizito. Makala nyingi ni za lugha hiyo.

Nianze uzamili hapa nchini, au niombe ufadhili nje moja kwa moja? Na profesa asiyenijua, barua ya kwanza unamwandikiaje? Aliyepita njia hii anisaidie, tafadhali.