Mrejesho: mwanangu ambaye korodani moja haikushuka

Wakuu, mimi ndiye niliyeuliza kuhusu mwanangu wa miezi 11, korodani ya kulia haipo mfukoni. Wengi mlisema nimpeleke kwa daktari wa upasuaji. Huku Newala wazee walikuwa na lao: mwache, hadi aende jando itakuwa imeshuka.

Tukashuka Mtwara mjini. Daktari alisugua viganja vipate joto kwanza (mkono wa baridi unaifanya ipande), akapapasa kinenani mpaka akaipata. Akasema ikipita miezi 6 bado iko juu, kushuka yenyewe ni nadra, na upasuaji unafaa kabla ya miezi 18.

Akakagua na tundu la mkojo. Likiwa chini ya uume badala ya nchani, na korodani zote hazipapasiki, unaingia kwenye vipimo vya homoni na kromosomu. Letu liko sawa, alhamdulillahi.

Ila walipofungua, ile njia ya kushukia korodani kutoka tumboni haikuwa imejifunga. Kumbe hiyo ndiyo kasoro inayoambatana sana na tatizo hili, na utumbo ukipenya humo ni ngiri. Halafu kimrija kilichojikunja nyuma ya korodani, kinapokomalia mbegu, kilikuwa kimeachana nayo upande mmoja. Njia wameifunga, korodani wameishusha na kuishonea mahali pake. Kimrija wamekiacha kilivyo. Kinaweza kugusa uzazi baadaye, hatukupewa ahadi.

Mlioniuliza kama ni busha: siyo. Bili imemeza pesa ya korosho, lakini jioni ileile dogo alikuwa anadai uji.