Tupeane uzoefu: episodi ya kwanza ya seri mpya ya mashujaa, unaipimaje?

MwanaKatuba
Bandugu wa Lubumbashi, kila seri mpya ya mashujaa wenye nguvu za ajabu ikitoka, hukumu inatolewa hata kabla majina ya mwisho hayajapita: "giza tupu, vita vichache." Tuwekeane hapa namna ya kuipima episodi ya kwanza, mtu asimalize mega zake bure wala asitupe seri nzuri.

Cha kwanza ni mipaka ya nguvu. Shujaa anaweza nini, hawezi nini, na akizitumia anapoteza nini? Episodi ya kwanza isipogusa hata moja, vita vinavyofuata havitakuwa na hatari, maana mwandishi atamzushia nguvu mpya kila atakapokwama. Chukueni Daredevil ya 2015. Matt Murdock haoni, ila anasikia na kunusa kuliko mtu yeyote. Mwili wake ni wa binadamu tu. Njo maana lile pigano la kolido, mwisho wa episodi ya pili, linashika roho. Linaonekana kama limepigwa kwa mkupuo mmoja, na katikati ya ngumi anaegemea ukuta apate pumzi. Anachoka! Tazameni hapo, msihesabu majumba yanayobomoka.

Yaya Mado, Kamalondo
Sawa kabisa, mdogo wangu, lakini wengi wanailaumu seri kwa makosa ya skrini. Seri hizi zinapenda usiku. Televizheni ikibaki kwenye rangi kali za dukani, weusi unameza nyuso. Shika telekomandi, chagua "Cinéma" au "Film", kisha zima kile kinacholainisha mwendo. Picha hizi hupigwa 24 kwa sekunde. Televizheni ikichomeka za kwake katikati, ngumi zinateleza na mavazi yanaonekana ya plastiki. Halafu pandisha mwanga kidogo kidogo mpaka koti jeusi litengane na ukuta ulio nyuma yake, na uache kabla weusi haujawa kijivu.

Jambo la pili ni ubora wa picha. Netflix wanakadiria hadi giga 3 kwa saa kwa HD, na hadi giga 0.7 kwa ubora wa kati. Kwa hiyo episodi ya dakika 50 inaweza kula giga 2.5, au chini ya 0.6. Kinachopunguzwa kinaonekana kwanza gizani: moshi, mvua na anga la usiku vinakuwa vibokisi. Mwenye mega chache aangalie kwenye simu, kioo kidogo kinavificha. Asiitoe kwa kebo kwenye televizheni ya inchi 43 kisha akamtukana mpiga picha.

Petit Kenya
Aksanti yaya. Na sauti je? Mlipuko unaamsha parseli nzima, lakini maneno hayasikiki.

Yaya Mado, Kamalondo
Sauti ya 5.1 hiyo, ile ya spika sita. Maneno yamewekwa kwa spika ya katikati. Televizheni ya spika mbili inayachanganya na vishindo, yanazama. Chagua stereo, yaani sauti ya spika mbili. Kwenye VLC, ile programu ya kuchezea video kwenye kompyuta, bonyeza B ubadili sauti. Kama iko moja tu, nenda Outils, Effets et filtres, washa Compresseur, inayopunguza tofauti kati ya vishindo na maneno.

Papa Rejine
Wanangu, msisahau umbo la picha. WandaVision ilianza tarehe 15 Januari 2021 kwa episodi mbili za rangi nyeusi na nyeupe, picha nyembamba yenye mistari myeusi kushoto na kulia. Mtu akibonyeza zoom ajaze kioo, anakata vichwa vya watu, na anapoteza ishara muhimu: mwisho wa episodi ya kwanza picha inapanuka, na hapo unajua kuna mtu anaangalia kutoka nje. Maelezo yenyewe yanakuja episodi ya nne kati ya tisa. Ukiihukumu kwa vita vya siku ya kwanza, umeionea.

MwanaKatuba
Papa, nne ni nyingi kwa seri isiyo na swali. The Flash ya 2014 iliuliza lake ndani ya episodi moja: Wells, mwanasayansi anayemsaidia shujaa, anasimama kutoka kiti cha magurudumu na kusoma gazeti la 2024. Uvumilivu upewe seri iliyokwisha kutupa swali. Isiyo na swali, mbili zinatosha.

Fundi wa Ruashi
Kwa wanaotumia maandishi ya chini: yakichelewa kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, bonyeza G kwenye VLC, yakitangulia, H. Kila mbonyezo ni milisekunde 50. Lakini yakianza sawa, kisha dakika ya 40 yamepishana kwa zaidi ya dakika moja na nusu, acha kubonyeza. Faili la maandishi lilitengenezwa kwa video ya picha 25 kwa sekunde na yako ni ya 24, au kinyume. Tafuta lingine.

Na kuhusu seri zilizowekewa sauti ya Kifaransa: kabla ya kusema mwigizaji ni mbovu, rudia tukio moja kwa sauti ya asili, hata dakika tano, hasa lile ambalo shujaa amevaa barakoa. Macho yamefunikwa, kazi yote iko mdomoni na kooni, na koo hilo kwenye sauti ya Kifaransa ni la mtu mwingine.