Mjadala: Je, sheria itubane kasi ya kusambaza ujumbe mitandaoni?

Mwanzisha mada

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, na muhula huu tunasoma balagha, yaani sanaa ya kushawishi kwa maneno, ya Wagiriki wa kale. Msimamo wangu nautaja mapema: majukwaa yalazimishwe kisheria kupunguza kasi ya kusambaza. Kuwafundisha vijana kutambua hoja mbovu ni jambo jema, ila peke yake halifui dafu.

Mwanafalsafa wao Aristotle alitaja njia tatu za kushawishi: tabia ya msemaji, hisia za wasikilizaji na hoja yenyewe. Wengi huishia hapo, kisha wakailaumu TikTok kwamba imeua hoja na kubakiza hisia. Athens, mji wa Wagiriki hao, nako hisia zilitawala! Mwaka 428 KK mji wa Mytilene, kisiwani Lesbos, uliasi dhidi ya Athens, ukashindwa mwaka 427 KK. Raia wa Athens walikutana wakiwa na hasira, wakaamua wanaume wote wazima wauawe, wanawake na watoto wafanywe watumwa. Merikebu ikaondoka na amri.

Kesho yake roho zikawasuta, wakakutana tena. Mwanasiasa Cleon akaitetea amri ya jana. Raia mwenzake Diodotus akampinga, akasema haraka na hasira ndizo adui wa shauri jema, akashinda kwa kura chache. Merikebu ya pili ikaondoka ilhali ya kwanza imetangulia kwa takriban mchana na usiku mzima. Wapiga makasia walikula unga wa shayiri uliokandwa kwa divai na mafuta huku wakivuta, wakalala kwa zamu. Walifika amri imeshasomwa, utekelezaji haujaanza. Viongozi wa uasi waliuawa, lakini mji ulinusurika. Amri ile ingetumwa kwa kubonyeza kitufe, nani angeiwahi?

Kuna jambo jingine. Katika mahakama zao palikuwa na saa ya maji ya kupimia muda wa kuzungumza, chungu chenye tundu karibu na kitako. Kimoja kilichofukuliwa Agora, uwanja wa soko wa Athens, kilibeba lita 6.4 hivi na kuisha maji kwa dakika 6. Mshtaki na mshtakiwa walipimiwa maji sawa, mbele ya watu walewale. Hicho ndicho tulichokipoteza. Uongo unapita kundi la ukoo, la harusi, la kikoba. Kanusho linabaki kwenye ukurasa wa aliyesingiziwa. Utafiti wa chuo cha MIT cha Marekani uliochapishwa na jarida la Science mwaka 2018 ulikuta kwamba uwezekano wa habari ya uongo kusambazwa tena kwenye Twitter (sasa X) ulizidi ule wa habari ya kweli kwa asilimia 70, na waliosababisha tofauti hiyo ni binadamu, si roboti.

Karibuni mnipinge.

Mchangiaji, Nairobi

Kaka, maji sawa kwa nani? Wanawake na watumwa hawakuwa na kura katika mkutano huo unaousifu. Na Cleon hakuhitaji simu ili kutaka watu wachinjwe.

Mimi nakumbuka Juni 2024. Mswada wa Fedha ulikuwa kurasa nyingi za Kiingereza cha mawakili. Vijana wakaufafanua kwenye TikTok na X kwa Kiswahili, Sheng na lugha za mama, hadi mama wa kibanda akajua mkate unatafutiwa VAT ya asilimia 16. Tarehe 18 pendekezo la mkate likaondolewa. Tarehe 25 wabunge wakaupitisha mswada, waandamanaji wakaingia Bungeni, watu wakapigwa risasi wakafa. Tarehe 26 Rais akasema hatausaini. Kasi ndiyo iliyotuokoa. Ukiweka breki ya kisheria, mguu wa kuikanyaga utakuwa wa nani?

Mwalimu wa sekondari

Mwanangu, usiidharau shule haraka hivyo. Kwenye mdahalo huwa nampa mwanafunzi atetee upande anaouchukia. Wiki ya kwanza ni kelele tupu. Baadaye anaanza kuuliza, "Hivi wao wanasema nini hasa?" Swali hilo halitungiwi sheria.

Mwanzisha mada

Mwalimu, shikamoo. Nakubali kabisa, ila wanaofowadi usiku huu wengi walishamaliza shule zamani.

Dada wa Nairobi, swali la mguu ndilo zito kuliko yote. Kwa hiyo sitaki serikali iguse kilichosemwa. Nazungumzia kitufe cha kusambaza tu, kwa ujumbe wowote, uwe wa serikali au wa wapinzani. Aprili 2020 WhatsApp waliamua kwamba ujumbe uliokwishapitia mikono mingi utumwe kwenye soga moja tu kwa wakati mmoja. Kampuni yenyewe ikatangaza kuwa usambazaji wa ujumbe wa aina hiyo umepungua kwa asilimia 70. Hakuna aliyezibwa mdomo. Vijana wenu wangeufafanua mswada vilevile, kila mmoja kwa sauti yake. Lakini kampuni iliyoweka kikomo hicho kwa hiari inaweza kukiondoa kesho, na ndiyo sababu nadai sheria.

Mchangiaji, Nairobi

Ikiandikwa hivyo, nitaisoma kifungu kwa kifungu. Ila cha kwanza kiseme waziri hana ruhusa ya kubadilisha kikomo hicho kwa tangazo la gazeti la serikali, hasa wiki ya uchaguzi. Kiandike hapa tukione.