Felti ya jiko la kauri imeungua: naomba ushauri kabla ya Jumamosi

Mpishi wa Igombe: Wakuu, salaam. Ninalo jiko la mkaa la kauri, lile lenye umbo la yai, ambalo huchomea sato na kuku kwa wateja wanaokuja ufukweni mwishoni mwa juma. Gasketi ya felti, yaani ukanda wa kitambaa kizito wa kuziba mwanya, iliyobandikwa ukingoni, pale mfuniko unapokutana na sehemu ya chini, imekuwa nyeusi, imekakamaa na inamomonyoka. Moshi unavuja, mkaa unakwisha upesi, na hata nikiziba matundu yote ya hewa moto hauzimiki mpaka usiku wa manane. Jumamosi nina oda ya sherehe. Je, nibandike gasketi ya aina gani? Jiko ninalitumia kwa kawaida tu.

Mama wa Mwaloni: Mwanangu, samaki hajui gasketi ni nini. Sisi tumekausha sangara kwenye matanuri ya udongo yaliyofunikwa kwa mabati chakavu, moshi ukitoka kila upande, na hakuna mteja aliyewahi kurudisha mzigo.

Fundi Buzuruga: Shikamoo mama. Matanuri yenu yanataka moshi upite, lakini jiko hili limeundwa ili hewa iingie kwa tundu la chini na itoke kwa tundu la juu peke yake. Ikipata njia ya tatu, moto haushushiki wala hauzimiki. Mkuu, hiyo kawaida yako ni nyuzi ngapi?

Mpishi wa Igombe: Kuku ninamchoma kwenye 350. Jioni huwa ninaoka piza, na hapo sindano hufika 750, lakini si kila siku, na aliyeniuzia alinihakikishia kwamba kauri haiogopi moto. Tena piza ndiyo inayolipa kodi ya eneo, kwa hiyo msiniambie niiache.

Kijana wa Kirumba: Wakuu, tumepigwa kamba. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660, halafu huyu anaoka piza kwenye 750! Picha hakuna. Subirini, kesho ataibuka mtu mwenye namba ya simu anayeuza gasketi.

Mwalimu Mstaafu: Iwe kweli au uongo, kinachonisikitisha ni kwamba mtu ameketi kando ya ziwa lenye sato, naye anaoka piza.

Mpishi wa Igombe: Siuzi chochote. Kipimajoto kimeandikwa herufi F, na jiko lilitoka Marekani.

Fundi Buzuruga: Basi kijana amekusaidia bila kukusudia. Nyuzi 750 za Farenhaiti ni karibu 400 za Selsiasi. Felti ya aramidi, yaani nyuzinyuzi za kiwandani zinazostahimili joto, huharibika joto likifika 370 hivi za Selsiasi, na gundi inayoishika huachia mapema zaidi. Aliyekuuzia alisema kweli kuhusu kauri, ila felti hakuitaja. Kwa piza tafuta gasketi ya nyuzi za kioo, ambayo huvumilia zaidi ya nyuzi 500. Hata hivyo, nieleze: imeungua mzunguko mzima au upande mmoja?

Mpishi wa Igombe: Mbele, kuelekea kulia. Nyuma bado ni laini.

Fundi Buzuruga: Joto peke yake lisingechagua upande. Jiko limewahi kuhamishwa?

Mpishi wa Igombe: Lilibebwa kwa guta kutoka mjini, na mfuniko ulicheza kidogo njiani, lakini boliti nilizikaza mwenyewe na linafunga vizuri. Isitoshe, vifaa nimekwisha kupata: silikoni nyekundu ya gereji, na kamba ya mlango iliyotolewa kwenye tanuri kuukuu la mikate. Nilitaka tu mnithibitishie kwamba vinafaa.

Mama wa Mwaloni: Kumbe alikuja kutafuta baraka!

Fundi Buzuruga: Kamba ya tanuri kuukuu huenda ina asbesto, na vumbi lake linaharibu mapafu, kwa hiyo usiikate wala kuikwangua. Silikoni hiyo ni ya viungo vya injini. Kwenye nyuzi 400 itaungua juu ya chakula cha watu. Anza na mfuniko. Jiko likiwa limepoa, bana noti kati ya kingo mbili, uivute, kisha uhamie hatua nyingine mpaka umalize mzunguko. Inapoteleza bila kushikwa ndipo miali inapopenya na kulamba felti. Legeza boliti za mshipi wa chuma unaoushika mfuniko, mtu mwingine akushikie mfuniko, uukalishe sawa, ndipo ukaze. Felti mbovu ikwangue yote na ukingo uufute kwa asetoni, ile dawa ya kuyeyusha gundi. Gasketi mpya ikija, ibandike bila kuivuta, uiache siku nzima kabla ya kuwasha moto. Ikichelewa, Jumamosi choma sato bila gasketi na piza zisubiri. Pia usifunue mfuniko kwa ghafla jiko likiwa kali: inua kidogo kwanza hewa iingie, la sivyo moto utakurukia usoni.

Mpishi wa Igombe: Nimejaribu noti. Imeteleza mbele kulia, kwingine imeshika. Ahsante, fundi, kamba nitaiacha. Lakini silikoni nitaipaka pale kulia tu, kwa sababu pesa yake imekwisha kutoka.

Kijana wa Kirumba: Ninafuta kauli yangu. Angekuwa wa kubuni, angekubali ushauri wote.