Naomba ushauri: betri ya sola inazima saa nne usiku, fundi anasema niongeze ya pili

MwangaWaJioni:
Ndugu zangu, habari za leo. Nina mfumo mdogo wa sola nyumbani: paneli moja ya wati 200, betri moja ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100, chaji kontrola (kifaa kinachodhibiti umeme wa paneli unaoingia kwenye betri) ya ampea 20, na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama ule wa gridi) ya wati 1000. Natumia taa tano za wati 7, luninga ya wati 60 kwa saa tano hivi, ruta ya intaneti isiyozimwa, na kuchaji simu. Betri ya kwanza ilikufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Hii mpya haijamaliza miezi minne, lakini ikifika saa nne usiku inveta huanza kulia, kisha nyumba nzima huingia gizani watoto wakiwa bado wanasoma. Fundi aliyenifungia ameshauri niongeze betri ya pili. Je, kweli tatizo ni hilo?

WayaMnene:
Ndugu, usinunue betri kwanza. Betri haizalishi umeme, inatunza tu kile paneli ilichovuna, kwa hiyo hesabu ianzie juu ya paa. Paneli ya wati 200 ikipata jua kali kwa muda wa saa tano ingetoa wati-saa 1000, lakini joto, vumbi, nyaya na kontrola hupunguza, na kwa kawaida ni salama kuhesabu 700. Sasa tazama upande wa matumizi: taa kwa saa tano ni 175, luninga 300, ruta ya wati 10 kwa siku nzima 240, na simu kama 40. Hapo tumefika 755, na bado hatujaigusa inveta, ambayo huweza kula wati 10 hivi hata pasipo kifaa chochote kilichowashwa. Unatumia zaidi ya unachovuna kila siku. Betri ya asidi isiyojaa kwa muda mrefu hujenga ukoko wa salfeti kwenye sahani zake, na naamini ndiyo iliyokuulia ile ya kwanza.

Mvunajua:
Mimi nilihamia betri ya lithiamu na sijajuta, kwa sababu unaweza kutumia asilimia 80 au zaidi ya ujazo wake, ilhali ya asidi inashauriwa usivuke nusu. Hata hivyo nakubaliana na WayaMnene kwamba nayo haiongezi jua. Mleta mada, pima volti alfajiri kabla ya kuwasha chochote, kisha upime tena jioni baada ya kuiacha betri itulie saa moja. Angalia pia kama kuna kivuli.

MwangaWaJioni:
Nashukuru sana. Nimepima: alfajiri 11.8, jioni 12.3. Nilipopanda juu saa tisa alasiri nikakuta tangi la maji limetupa kivuli chenye upana wa kiganja kwenye kona ya paneli, na kilikuwa kinazidi kusogea ndani. Sikudhani kivuli kidogo namna hiyo kina madhara.

WayaMnene:
Kina madhara makubwa. Seli za paneli zimeungwa kwa mfululizo, hivyo seli moja ikifunikwa hubana mkondo wa zile zilizoungana nayo, na sehemu nzima ya paneli huweza kunyamaza. Betri ya asidi iliyojaa na kutulia husoma 12.6 hadi 12.7, yako inaingia usiku ikiwa na zaidi kidogo ya nusu, na kufikia alfajiri karibu imeisha chaji.

Hamisha paneli mbali na tangi kwanza. Ruta, kama ni ya volti 12, iunge kwenye betri kupitia fyuzi na kigeuzi cha kutuliza volti, ili uweze kuzima inveta mnapolala. Kisha ongeza paneli ya pili inayofanana na ya kwanza. Paneli mbili zikiungwa sambamba zitatoa ampea kama 22, kwa hiyo kontrola yako ya 20 haitoshi. Tafuta ya 30. Waya wa kutoka paneli hadi kontrola nao uwe mnene, kwani kwenye volti 12 waya mwembamba hupoteza umeme mwingi njiani, na ukiushika mchana utausikia una joto.

Siku ya kubadilisha kontrola, ondoa nyaya za paneli kwanza, ndipo uondoe za betri. Wakati wa kurudisha, anza na betri.

MwangaWaJioni:
Nimeelewa. Jumamosi nahamisha paneli, na baada ya wiki moja nitaleta vipimo vipya vya alfajiri na jioni hapa hapa.