Msitu wetu siku ya doria, magogo yakishakamatwa ni ya wilaya?

Wakuu, hili jambo ninalo tangu mwezi wa nane. Nilikuwa najisemea litaisha kiofisi. Halijaisha, leo nalimwaga hapa.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji, huku mkoa wa Lindi. Tuna msitu wa hifadhi wa kijiji, umepimwa, una mpango wa usimamizi, una sheria ndogo zilizopita mkutano mkuu wa kijiji. Si pori la kuokota. Doria tunakwenda kwa zamu, watu sita sita, na panga, tochi na baiskeli. Posho ni elfu tano kwa usiku, na mara ya mwisho kuiona ilikuwa kabla ya mfungo.

Usiku ule, mnamo saa nane, tukasikia chensoo upande wa korongo. Mlio wa chensoo usiku unadanganya sana: unadhani iko hapo tu, kumbe ni vilima viwili mbele. Tulitembea mpaka alfajiri. Tukakuta Fuso imeshapakia magogo saba ya mkongo, manne bado yako chini, unga wa msumeno mbichi kabisa. Kisiki kimoja watu wawili hatukuweza kukikumbatia. Wakataji walikimbia, dereva tukamdaka. Mwenzetu mmoja alipigwa rungu mkononi, mpaka leo kidole gumba hakikunji. Hospitali alijilipia mwenyewe.

Mzigo tukaulaza mbele ya ofisi ya kijiji, mtendaji akapiga simu wilayani. Siku ya tatu wakaja, wakagonga alama ya nyundo kwenye kila gogo, wakasema unakwenda wilayani kama kielelezo. Mwenyekiti akaomba hati ya makabidhiano. Akajibiwa, "Mzee, ina maana mnatushuku?" Mzee wa watu akanyamaza. Na mimi nilikuwa pale pale, nikanyamaza vilevile. Hilo linaniuma kuliko magogo yenyewe.

Mwezi wa kumi na moja tukaambiwa na fundi seremala wa mjini, si ofisi, kwamba magogo yalishapigwa mnada. Kijiji hakijapata hata hela ya betri. Dereva inasemekana alitozwa faini, kiasi gani hakuna wa kutuambia. Ile Fuso nimepishana nayo barabarani juma lililopita, namba zile zile.

Sasa niambieni. Ukisoma Sheria ya Misitu ya 2002 utadhani aliyeiandika amelala kijijini: kijiji kinatenga msitu wake, kinausimamia, mapato ni ya kijiji. Na si hadithi za karatasi. Babati, wananchi wa Duru-Haitemba walikataa msitu wao kufanywa hifadhi ya serikali, wakaanza kuulinda wenyewe katikati ya miaka ya 1990, kabla hata sheria haijatungwa. Majirani zetu wa Kilwa walipata cheti cha kimataifa cha FSC, kile cha misitu inayotunzwa vizuri, mwaka 2009, mpingo wao ukauzwa kihalali. Kijiji cha Nanjirinji, huko huko Kilwa, wamejenga kwa hela ya mbao. Kwa hiyo asije mtu hapa na ile ya "wanavijiji hawana uwezo".

Halafu zikaja kanuni za 2019, Tangazo la Serikali Namba 417. Ukitaka kuvuna kwenye msitu wako mwenyewe lazima kamati ya uvunaji ya wilaya ikae. Tusidanganyane, ziko kamati za vijiji zilizokula hela na ziko zilizouza mkongo kwa bei ya kuni, usimamizi siukatai. Lakini maombi yetu yana miezi kumi na minne. Mara kikao hakijakaa, mara afisa yuko safari, mara rudini mrekebishe ramani. Mnunuzi tuliyempata kwa shida amechoka kusubiri, ameenda zake. Mwizi yeye hasubiri kikao, anakuja na chensoo saa nane usiku.

Vijana wa doria wameanza kuniuliza swali ambalo sina jibu lake: kama magogo tukiyakamata yanaondoka na tukiyaomba hatupewi, sisi tunamlindia nani? Mwezi huu wamejitokeza watatu tu. Wawili kati ya wale wengine nasikia wanachoma mkaa, na sijui nitawakamata kwa uso gani.

Wale wa "nendeni kwa afisa", tumekwenda mara tano, nauli ya kwenda na kurudi elfu kumi na sita kila mtu. Ninachotaka kujua ni hiki: kuna kijiji chochote humu kilichowahi kudai hela ya magogo yaliyokamatwa kikalipwa? Mliandika barua kwa nani, mliambatisha nini? Na kama hati ya makabidhiano hatuna, picha za simu zenye tarehe na daftari la doria vinatosha? Picha tunazo, kila gogo na alama yake ya nyundo.