Trei ya Mwisho: gumzo la Majirani wa Sofia, Busia, Uganda

*Jumapili*

[19:04] Mama Wanyama: Jamani habari za jioni. Nimefua suruali ya Wanyama, nimekuta pakiti ya kondomu mfukoni. Ziko tatu ndani. Mwenyewe simu hashiki. Senga Nekesa, wewe ndiye shangazi yake, hii kazi ni yako.

[19:06] Senga Nekesa: Wifi, mimi nafunda wasichana. Wa kiume mpeleke kwa mjomba wake.

[19:06] Mjomba Barasa: Mjomba yuko Tororo na hana nauli.

[19:11] Wanyama: MAMA. Mbele ya watu 64?? Hizo ni mifuko ya damu

[19:11] Mama Wanyama: Mifuko ya nini?

[19:16] Wanyama: Damu ya filamu. Tunapiga filamu fupi, mimi na Ouma na Shadia. Inaitwa TREI YA MWISHO, habari za magendo ya mayai. Kondomu unaijaza damu bandia, unaibandika ndani ya shati, unaifunga uzi wa kuvulia samaki. Ukipigwa risasi mwenzako anavuta uzi, inapasuka, puu! Ndivyo wanavyofanya watengeneza filamu wa Wakaliga kule Kampala. Isaac Nabwana, mkuu wao, alikuwa anafyatua matofali kabla ya sinema, na ile filamu yao ambayo tangazo lake lilizunguka intaneti 2010 haikuzidi dola 200. Zamani walitumia damu ya ng'ombe, mwigizaji akaugua, wakahamia rangi ya chakula. Sisi tunachanganya sukari, maji, rangi nyekundu na kakao kidogo isionekane kama soda.

[19:17] Mama Shadia: Kumbe sukari yangu ndiyo imekwenda huko. Shadia aliniambia panya.

[19:17] Shadia: 🙈

[19:18] Mama Shadia: Panya anafungua kopo?

[19:20] Senga Nekesa: Na hao wa kituo cha afya wanaotoa kondomu za bure wanajua zinaenda kujazwa damu ya kakao?

[19:31] Mwenyekiti LC1: Sasa nisikilizeni mwenyekiti wenu wa kijiji. Leo mchana nimempita Ouma karibu na njia ya mpakani amebeba bomba la maji lililochomelewa mfano wa bunduki. Wanangu, hapa ni mpakani. Askari hataanza kukuuliza kama una kamera. Hiyo bunduki ilale gereji ilikotengenezwa. Mkitaka kupiga picha hadharani, mje na barua, nitagonga muhuri.

[19:33] Ouma: Mwenyekiti, filamu ya magendo bila bunduki ni harusi bila bibi harusi

[19:34] Mwenyekiti LC1: Tafuteni kitu ambacho hata kipofu ataona si bunduki.

[19:40] Shadia: Magunzi ya mahindi ndiyo bastola. Muwa mrefu ndio bazuka. Kale, sawa?

[19:41] Mwenyekiti LC1: Kale. Na mimi naigiza wapi?

[19:41] Wanyama: ...

*Jumatano*

[13:22] Mama Shadia: Nilitoa trei moja ya mayai, 30, nimerudishiwa 11. Nangoja maelezo.

[13:25] Wanyama: Mama Shadia, 4 yamevunjika Ouma alipoanguka na baiskeli. Hiyo haikuwa kwenye mpango lakini ndiyo picha nzuri kuliko zote. Mengine ni mshahara. Waigizaji pamoja na mpiga kamera walikuwa 7, kila mtu rolex, chapati ya kukunja, ya mayai mawili

[13:26] Mama Shadia: 7 mara mbili ni 14. Na 4 ni 18. 18 na 11 ni 29.

[13:26] Mama Shadia: Yai moja liko wapi?

[13:27] Ouma: Lilikuwa bovu tunaapa

[20:48] Shadia: Nimemaliza kuunganisha, dakika 6 na nusu. Nawatumia, lakini msianze kucheka kabla ya mwisho 👇 *[video]*

[20:59] Senga Nekesa: Helikopta inapita ndani ya mwili wa kamanda. Ni jini?

[21:03] Shadia: Senga, tulitundika leso ya kijani nyuma ya kamanda ili programu iifute, tuweke picha ya helikopta. Yenyewe haijui leso, inajua rangi tu. Ouma alivaa sweta lake la shule, kijani. Na pembeni kuna migomba. Imefuta vyote. Kesho natafuta shuka la bluu, maana Uganda hii ukisema ufute kijani utabaki na barabara.

[21:05] Mjomba Barasa: Mimi nina swali lingine. Hiyo bazuka. Mwanzoni imempita Ouma kimo. Kwenye gereji iko kifuani. Kwenye vita vya mwisho ni kama kijiko.

[21:06] Wanyama: OUMA

[21:06] Ouma: Tulianza saa mbili asubuhi, rolex ikaja saa nane. Mlitaka nifanye nini na muwa mkononi

[21:07] Wanyama: Nilidhani ni kamera inadanganya!!! Kila tukirudia picha unatafuna silaha ya jeshi

[21:10] Mama Wanyama: Picha nimeiona mwanangu, hongera, umekufa vizuri. Ila sisikii mtu anasema nini. Nasikia bodaboda na jogoo.

[21:14] Shadia: Hapo ndipo penye kilio. Picha mbaya mtu anavumilia, sauti mbaya anafunga simu. Tulirekodi kwa simu ileile ya kupigia picha, na ilikuwa hatua kumi kutoka kwao. Ilitakiwa simu ya pili ikae kwenye mfuko wa shati la Ouma, halafu mtu apige makofi mara moja mbele ya kamera. Lile kofi ndilo linakusaidia kulinganisha sauti na picha baadaye. Sasa nirudie yote? Trei ya mayai sina.

[21:15] Mama Shadia: Huna, na hutapata.

[21:29] Hajji Deki: Assalaam alaykum. Watoto msihangaike. Mnajua kwa nini naitwa Deki? Miaka ya tisini nilikuwa na kibanda cha video pale juu, jenereta, televisheni moja na deki moja ya kuchezea kanda. Filamu za kareti, za Kihindi, hakuna aliyeelewa neno. Mimi nilikaa pembeni na kipaza sauti nikatafsiri. Kihindi chenyewe sikijui. Kampala wanaita VJ, na hata hao Wakaliga filamu zao zina VJ anapiga kelele juu yake. Mtu akija kibandani kwangu alikuwa analipia mdomo wangu. Zimeni jogoo, nipeni kipaza.

[21:52] Hajji Deki: *[ujumbe wa sauti 0:48]*

[21:55] Shadia: Nimekufa 😭😭 Kwa wasio na bando nawaandikia: "Huyoooo! Kamanda anakuja, ndugu watazamaji! Helikopta imempita tumboni, hajali, mtu wa Busia huyo! Tazama bazuka! Asubuhi ilikuwa mita mbili, sasa shibri moja! Kamanda anakula silaha yake! Watu wa magendo, kimbieni, akimaliza bazuka atawatafuna ninyi!"

[21:56] Wanyama: Shadia usibadilishe kitu. Acha sweta. Acha muwa. Weka hii juu

[21:58] Ouma: Nilisema tangu mwanzo muwa ni sanaa

[22:01] Mwenyekiti LC1: Nimeangalia mara mbili. Mimi naonekana mgongo tu, sekunde tatu, napita na baiskeli.

[22:02] Wanyama: Mwenyekiti ule mgongo una mamlaka

[22:04] Mwenyekiti LC1: Hmm. Jumamosi saa moja jioni, ukuta wa Mama Shadia, projekta nitaomba kanisani. Kiingilio sh. 500, za kwanza ni za mayai.

[22:04] Mama Shadia: Mungu akubariki Mwenyekiti. Na sukari.

[22:09] Mama Wanyama: Wanyama. Kwenye filamu nimehesabu. Wamepigwa risasi watu wawili tu.

[22:09] Wanyama: Ndiyo mama

[22:10] Mama Wanyama: Kondomu zilikuwa tatu.

*Wanyama ameondoka kwenye kikundi*

[22:11] Senga Nekesa: 🤣🤣🤣 Mjomba Barasa, nauli tunakuchangia

*Mwenyekiti LC1 amemwongeza Wanyama*

[22:13] Mwenyekiti LC1: Rudi hapa. Sehemu ya pili mimi ndiye napigwa risasi. Hiyo ya tatu itunze.